Viroboto kwa mbwa na paka: wanakotoka, wanavyohama na namna ya kuwamaliza

Mbwa akianza kujikuna, jambo la kwanza watu hufanya ni kumwogesha kwa dawa. Anatulia siku tatu nne, wiki ya pili anajikuna upya, na mwenye mbwa anaapa kwamba aliuziwa dawa feki. Mara nyingi dawa haikuwa na tatizo. Kilichosahaulika ni sakafu, mkeka, uvungu wa kochi na gunia analolalia, na huko ndiko viroboto walio wengi waliko. Kwa makadirio yanayotumika sana katika tiba ya mifugo, viroboto wazima unaowaona mwilini mwa mnyama ni kama asilimia 5 tu ya wote waliomo nyumbani. Asilimia 50 hivi ni mayai, 35 ni mabuu, na 10 ni pupa waliojifungia kwenye vifuko vyao. Ukiua hao asilimia 5 peke yao, umeacha kazi nzima nyuma yako.

Mwongozo huu unazungumzia nyumba za kwetu: mbwa wa ulinzi anayelala barazani au bandani, paka anayeingia na kutoka apendavyo, sakafu ya saruji au ya udongo, na pengine mbuzi na kuku uani.

Maisha ya kiroboto

Anayesumbua mbwa na paka karibu dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwemo, ni kiroboto wa paka, ambaye jina lake la kisayansi ni Ctenocephalides felis. Asikudanganye kwa jina, maana huyohuyo ndiye anayepatikana kwa mbwa wengi, na hushambulia pia watoto wa mbuzi na ndama. Ana urefu wa milimita 1 hadi 3, rangi ya kahawia iliyokolea, mwili uliobanwa ubavuni ili apenye katikati ya nywele, na hana mabawa. Huruka sentimita 20 hivi kwa wastani. Ndiyo maana binadamu huumwa zaidi kwenye vifundo vya miguu na miundi.

Akishapanda juu ya mnyama, huanza kunyonya damu ndani ya dakika chache. Jike huanza kutaga saa 24 hadi 36 baada ya mlo wake wa kwanza, na akishika kasi hutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo ni meupe, ya nusu milimita, na hayanati kwenye manyoya. Mnyama akijitikisa, akijikuna au akilala, yanadondoka. Kila anapopita anayamwaga, na anapolala muda mrefu ndipo yanaporundikana.

Mayai huanguliwa ndani ya siku 1 hadi 10 kutegemea joto na unyevu. Mabuu hutoka wakiwa weupe, wembamba, na hukimbia mwanga: hujichimbia kwenye nyufa, chini ya zulia, ndani ya vumbi la kona. Chakula chao kikuu ni kinyesi cha viroboto wazima, yaani damu iliyokauka inayodondoka pamoja na mayai. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 50, hufa. Jua la moja kwa moja nalo huwaua. Kwa hiyo uwanja mkavu unaopigwa na jua mchana kutwa si makazi yao. Makazi yao ni kivuli.

Baada ya wiki moja hadi tatu, buu hujisokotea kifuko cha nyuzi zinazonata, kinachojipaka mchanga na vumbi hadi kisionekane. Humo anakuwa pupa. Hapa ndipo ugumu wote ulipo, kwa sababu dawa za kupulizia hazipenyi kifuko hicho. Kiroboto kamili anaweza kutoka baada ya wiki moja au mbili, au akabaki humo kwa miezi kadhaa akisubiri dalili kwamba mnyama yuko karibu: mtikisiko wa hatua, joto la mwili, na hewa ya pumzi. Akizihisi, hutoka mara moja na kuruka.

Wanavyohama kutoka mnyama mmoja hadi mwingine

Wengi hudhani kiroboto huruka kutoka kwa mbwa wa jirani hadi kwa mbwa wako wanapokutana njiani. Hutokea, lakini si njia kuu. Kiroboto mzima akishapata mnyama wa kumnyonya hapendi kuondoka. Kuhama mwili kwa mwili hutokea zaidi kwa wanyama wanaolala wamebanana, kama mama na watoto wake, au paka wawili wanaoshiriki kikapu kimoja.

Njia kuu ni mahali wanapopita au kulala wote. Paka shume akijilaza chini ya ngazi yako saa mbili za mchana, anaacha mayai pale. Wiki tatu au nne baadaye mbwa wako anajilaza palepale, na viroboto vijana wanampanda. Hawajawahi kuonana. Ndivyo ilivyo pia kwa nguchiro anayepita chini ya ghala, kalunguyeye anayelala kwenye rundo la kuni, na mbwa koko anayekuja usiku kula mabaki ya chakula ulichomwachia mbwa wako.

Vitu navyo husafirisha: blanketi la kuazima, gunia, tenga la kubebea wanyama, kochi lililonunuliwa likiwa limetumika. Na kuna mnyama mgeni, ambaye ndiye mlango mpana kuliko yote.

Hali ya hewa ya mahali unapoishi inabadili ratiba. Mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Zanzibar na Dar es Salaam, unyevu uko juu karibu mwaka mzima, na vichochoro vya Lamu na Mji Mkongwe vimejaa paka wasio na mwenyewe. Huko kinga haina likizo. Dodoma wakati wa kiangazi mabuu walio nje hufa kwa ukavu, lakini wale waliomo bandani penye kivuli na mkojo wa mbwa wanaishi vizuri tu. Kwenye baridi ya Njombe au Limuru mzunguko huenda polepole. Hauishi, maana ndani ya nyumba kuna joto.

Kuhakikisha kwamba ni viroboto

Usianze kununua dawa kabla ya kupima. Kinachohitajika ni chanuo chenye meno yaliyobanana sana (kitana cha chawa kinafaa), karatasi nyeupe ya chooni, na bakuli la maji lenye kijiko kimoja cha sabuni ya kuoshea vyombo.

Chana kwa mbwa: kiunoni karibu na shina la mkia, ndani ya mapaja na tumboni. Kwa paka: shingoni, chini ya kidevu na kiunoni. Telezesha chanuo hadi kwenye ngozi, kisha litikise juu ya karatasi. Kiroboto ukimwona mtose haraka kwenye maji ya sabuni. Kwenye maji matupu anaweza kuelea na kuruka, sabuni ndiyo inayomzamisha. Chembe nyeusi zilizobaki kwenye karatasi zinyunyizie matone ya maji, subiri dakika moja, kisha zisugue kwa kidole. Zikiacha doa la kahawia jekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, ni damu ya mnyama wako. Zikibaki nyeusi au zikaacha tope, ni uchafu wa kawaida.

Paka hujilamba sana, na huweza kuwameza viroboto wote kabla hujawaona. Kwake tegemea chembe hizo zaidi kuliko kiroboto mwenyewe. Na mnyama mwenye mzio wa mate ya viroboto huweza kunyonyoka manyoya kiunoni na kuwa na vidonda kwa kuumwa na viroboto wachache mno, kiasi kwamba chanuo halitoi kitu.

Usichanganye na wadudu wengine. Kupe hung'ang'ania ngozi na haruki. Chawa hutembea polepole na mayai yake yamenata kwenye nywele. Funza huingia ndani ya ngozi ya nyayo na katikati ya vidole, na tiba yake ni tofauti. Kuna pia viroboto wa kuku, wanaoganda kwa makundi kuzunguka macho na kwenye kingo za masikio ya mbwa au paka anayezurura bandani mwa kuku. Hao hawakimbii ukiwagusa. Wapake vaselini, wang'oe mmoja mmoja kwa kibanio, kisha ushughulikie banda la kuku. Usipofanya hivyo watarudi.

Kutibu wanyama wote siku moja

Kanuni ya kwanza ni kwamba wanyama wote wenye manyoya nyumbani wanatibiwa siku hiyohiyo, hata yule asiyejikuna. Ukimwacha paka kwa sababu ni msumbufu kumshika, yeye ndiye atakayeendelea kumwaga mayai.

Kuogesha kwa sabuni kunaua viroboto walioko mwilini wakati huo, basi. Hakuachi kinga. Bado kunafaa kwa mbwa aliyejaa, na kwa mbwa wachanga ambao dawa haziwafai. Tumia maji ya uvuguvugu. Anza kwa kupaka mduara mzito wa povu shingoni, nyuma ya masikio, kabla ya kulowesha mwili. Ukianzia mgongoni viroboto hukimbilia kichwani na kuingia masikioni. Acha povu likae dakika 5 hadi 10, chana, suuza vizuri, kausha. Mbwa mchanga asiachwe na ubaridi, maana joto la mwili humshuka haraka.

Dawa za kinga ziko za aina kadhaa, na unazipata kwa daktari wa mifugo au kwenye duka la dawa za mifugo, lile ambalo Kenya huitwa agroveti.

Dawa ya kudondoshea mgongoni ndiyo rahisi zaidi. Zenye fipronili au imidaklopridi hufanya kazi kwa mwezi mmoja hivi. Kipimo hufuata uzito: kwa fipronili ya asilimia 10, paka hupewa mililita 0.5, mbwa wa chini ya kilo 10 mililita 0.67, wa kilo 10 hadi 20 mililita 1.34, wa kilo 20 hadi 40 mililita 2.68. Kukisia uzito kwa macho kunaleta makosa. Simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, toa. Mbwa mkubwa asiyebebeka mpime kwenye mizani ya mazao.

Namna ya kupaka inaharibu kazi mara nyingi kuliko dawa yenyewe. Tenganisha manyoya katikati ya mabega, juu karibu na shingo asipoweza kulamba, hadi uone ngozi. Gusisha mdomo wa chupa kwenye ngozi na ukamue yote pale. Dawa iliyomwagwa juu ya manyoya hukauka huko na ngozi haipati kitu. Fipronili hujihifadhi kwenye mafuta ya ngozi na kuenea mwilini taratibu, kwa hiyo usimwogeshe kwa siku mbili kabla na siku mbili baada. Watenganishe wanyama mpaka dawa ikauke ili wasilambane.

Vidonge vinafaa zaidi kwa mbwa anayelowa kila mara au anayeoga baharini. Vyenye afoksolaneri hudumu mwezi mmoja. Vyenye fluralaneri hudumu wiki 12, na hupewa mbwa waliofikisha wiki 8 na kilo 2. Mbwa mwenye historia ya degedege asipewe dawa za jamii hii bila daktari kujua. Kidonge cha nitenpiramu huanza kuua ndani ya nusu saa, lakini nguvu yake huisha kwa siku moja au mbili. Ni cha kupunguza mateso ya siku ya kwanza. Kinga ya mwezi hakiwezi kutoa.

Mkanda wa shingoni wenye dawa hutegemea ubora. Uliotengenezwa vizuri hufanya kazi kwa miezi kadhaa. Wa bei chee unaouzwa barabarani bila maelezo yoyote, mara nyingi ni mpira uliotiwa harufu. Ukimvalisha, vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo, na kipande kilichozidi kikatwe asikitafune.

Dawa zinazoua wanyama wenyewe

Sehemu hii isomwe mara mbili, kwa sababu wanyama wengi wanaofikishwa kwa daktari wakitetemeka wamedhuriwa na mtu aliyetaka kuwasaidia.

Permethrini, dawa ya kuua wadudu iliyomo kwenye baadhi ya dawa za mbwa, ni sumu kali kwa paka. Ini la paka haliwezi kuivunja kama la mbwa linavyoweza. Tone la dawa ya mbwa alilopakwa paka, au kulala tu ubavuni mwa mbwa aliyepakwa muda mfupi uliopita, kunatosha kumletea kutetemeka, kutoa udenda na degedege, na anaweza kufa. Angalia lebo: majina ya dawa za jamii hii huishia na herufi «thrin». Ukiziona, dawa hiyo haimhusu paka, isipokuwa lebo yenyewe imeandika wazi kwamba ni ya paka. Kama umempaka mbwa dawa hiyo, paka akae chumba kingine kwa saa 72. Paka akishapata sumu, mwogeshe haraka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunge taulo, mpeleke kwa daktari pamoja na pakiti ya dawa. Usimtapishe, wala usimnyweshe maziwa kwa nguvu.

Dawa za kuogeshea ng'ombe ndizo zinazotumika sana mitaani, kwa kuwa ni rahisi kupata na lita moja hutumika muda mrefu. Tatizo ni kwamba kipimo chake kimewekwa kwa ng'ombe, na mbwa hujilamba kuliko ng'ombe. Amitrazi, inayosifika kwa kupe, haifanyi cha maana kwa viroboto, na kwa paka ni hatari. Zile za jamii ya oganofosfati humfanya mbwa atoe mate, aharishe na kutetemeka hata kwa kosa dogo la kipimo. Mbwa mchanga, jike mwenye mimba na paka wasiguswe nazo kabisa.

Poda za kuua wadudu wa bustani na mende si za kumpaka mnyama. Paka aliyepakwa poda ataila yote kwa kujilamba.

Mafuta ya taa na oili chafu huunguza ngozi, na mnyama akilamba huingia mapafuni. Kitunguu saumu, kinachosifiwa kama dawa ya asili, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na hasa za paka. Kumlisha mnyama ambaye viroboto tayari wanammaliza damu ni kumwongezea tatizo. Mafuta ya mwarobaini yaliyokolea nayo yamedhuru paka. Tunauheshimu mwarobaini, lakini kwa paka uacheni.

Sungura asipakwe fipronili, humuua. Muulize daktari dawa mbadala.

Watoto wa mbwa na paka wa chini ya wiki 8 wachane kwa chanuo mara mbili kwa siku, badilisha matandiko yao kila siku, na mtibu mama yao kwa dawa ambayo daktari ameiidhinisha kwa anayenyonyesha. Kabla hujamaliza, funua mdomo uangalie fizi. Fizi nyeupe kwa mtoto aliyelegea maana yake damu imepungua, na huyo anahitaji daktari leoleo. Viroboto peke yao huua watoto wa paka kwa njia hii.

Kusafisha nyumba

Fanya siku ileile uliyotibu wanyama, ukianza asubuhi ili jua likusaidie.

Kusanya kila kinachotandikwa chini au kulaliwa na mnyama: blanketi, gunia, mkeka, foronya za makochi. Beba ukiwa umevikunja kwa ndani, kwa sababu ukivitikisa mlangoni umemwaga mayai mlangoni. Nguo loweka kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi kwa angalau dakika 10. Kwa kuwa wengi hatuna mashine ya kupima joto, maji yaliyochemka yaliyopozwa kidogo yanafaa. Kisha anika juani siku nzima ukizigeuza. Magunia ya katani yaliyochakaa choma, gharama yake ni ndogo kuliko dawa.

Sogeza makochi, vitanda na makabati. Fagia uvunguni, kwenye kona, kwenye nyufa na pale ukuta unapokutana na sakafu. Kwenye sakafu ya udongo nyunyiza maji kidogo sana, yatulize vumbi tu, maana ukilowesha unawaongezea mabuu unyevu wanaoutaka. Taka zote ziingie kwenye mfuko uliofungwa, kisha zichomwe au zifukiwe mbali. Kuzitupa nyuma ya nyumba ni kuwahamishia bandani. Mwenye mashine ya kunyonya vumbi aitumie hasa kwenye mazulia, na mfuko wake autoe nje mara baada ya kumaliza.

Kufagia kwa nguvu kuna faida nyingine: mtikisiko huwatoa viroboto kwenye vifuko. Kwa hiyo fagia kwanza, pulizia baadaye. Wanaopulizia kabla ya kufagia huwakuta pupa wakiwa wamejifungia na baadaye huifagia dawa yote.

Dawa ya nyumba iliyo bora ina vitu viwili: kinachoua viroboto wazima, na kinachozuia mayai na mabuu kukua, kama piriproksifeni au methopreni. Hicho cha pili ndicho kinachokata kizazi, na kisipopigwa jua hubaki na nguvu kwa miezi. Soma lebo kuhusu kipimo cha kuchanganya na maji, wala usiongeze mkono. Vaa glavu, barakoa na nguo za mikono mirefu. Watoto, wanyama na vyakula viwe nje. Matangi ya samaki yafunikwe na pampu ya hewa izimwe, kwa kuwa dawa hizi huua samaki. Pulizia sakafu, uvungu, chini ya mito ya makochi na ukuta hadi sentimita 30 kutoka chini. Kupulizia ukuta mzima kama unafukuza mbu ni kupoteza dawa, kwa kuwa viroboto hawako huko. Rudini ndani sakafu ikishakauka na hewa ikishapita.

Nje, shughulikia kivuli tu: banda la mbwa, chini ya ngazi, chini ya ghala, kwenye rundo la kuni, chini ya gari bovu. Ondoa majani makavu na takataka ili jua lipenye. Banda linaloweza kuhamishwa liinue juu ya matofali, sentimita 20 kutoka ardhini, upate kufagia chini yake. Sakafu ya udongo yenye nyufa izibe. Mwenye uwezo apige saruji laini, kwani kila ufa ni makazi ya mabuu.

Wiki ya pili hadi ya tano

Umetibu wanyama, umesafisha, na ghafla wiki ya pili unaona viroboto tena, pengine wengi kuliko mwanzo. Watu wengi hukata tamaa hapa, hubadili dawa, au hurudia dozi kabla ya wakati na kumdhuru mnyama. Wanaoonekana ni wale waliokuwa pupa siku ulipopulizia. Wanatoka, wanampanda mnyama, na dawa iliyomo mwilini mwake inawaua ndani ya saa kadhaa. Mnyama aliyetibiwa anapopita sebuleni anawazoa na kuwamaliza. Kwa hiyo mwache aende sehemu zake zote za kawaida. Ukimfungia nje, pupa wa ndani watakusubiri wewe.

Endelea kufagia kila siku mbili kwa wiki tatu za kwanza, na kufua matandiko kila wiki. Dawa ya mnyama irudiwe kwa tarehe iliyoandikwa, kwa muda usiopungua miezi mitatu mfululizo, hata kama kujikuna kumeisha mwezi wa kwanza. Mwambaoni usisimamishe.

Kupima kama unashinda, weka sahani pana ya maji yenye sabuni sakafuni usiku, na taa ndogo juu yake. Viroboto wapya hufuata mwanga na kuzama. Hesabu asubuhi, andika, rudia baada ya wiki. Mtego huu haumalizi viroboto, ila unakuonyesha idadi inapanda au inashuka. Kama baada ya wiki nane haijashuka, mara nyingi ama kuna mnyama aliyeachwa bila dawa, ama paka wa mtaani ana mahali pake pa kulala ambapo hujapagundua. Tafuta hapo kabla ya kuilaumu dawa.

Maradhi yanayokuja nao

Tegu wa mbwa hupita kwa kiroboto. Buu hula yai la tegu, kiroboto akikua analibeba, mnyama akijilamba anammeza. Dalili ni vipande vyeupe vyenye ukubwa wa punje ya mchele, vinavyojinyonga karibu na mkundu au kwenye matandiko. Dawa ya minyoo iitwayo prazikwanteli humwondoa tegu, lakini kama viroboto wapo, atarudi ndani ya wiki tatu hivi. Mtoto mdogo akimeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kumpata tegu huyo pia, kwa hiyo afundishwe kunawa baada ya kumchezea mbwa.

Viroboto wa panya ni jambo zito zaidi katika maeneo yenye historia ya tauni, kama Lushoto mkoani Tanga, Ituri nchini Kongo na eneo la West Nile nchini Uganda. Huko usianze kuua panya kabla ya kuua viroboto, kwa sababu panya akifa viroboto wake humwacha na kutafuta mwili mwingine wenye joto: mbwa, paka au mtu. Ukikuta panya wengi wamekufa bila sababu, usiwashike wala usimwache paka awale. Toa taarifa kituo cha afya.

Mnyama mgeni na nyumba mpya

Mbwa au paka anayeletwa nyumbani akae chumba kimoja chenye sakafu inayofagilika, si zulia. Mchane juu ya karatasi nyeupe, mpe dawa inayolingana na umri na uzito wake, choma au fua kwa maji ya moto kitambaa alichokuja nacho, na msubirishe siku mbili kabla ya kumchanganya na wenzake. Chakula cha wanyama kisiachwe nje usiku, na matundu chini ya ghala na ngazi yazibwe kwa wavu ili nguchiro na paka shume wakose pa kulala.

Nyumba ya kupanga iliyokaa tupu, hasa kama mpangaji aliyetoka alifuga, ikague kabla ya kuingiza kitu. Vaa soksi ndefu nyeupe hadi magotini, tembea vyumba vyote ukikanyaga kwa kishindo dakika kumi, kisha simama mwangani uangalie soksi. Wakionekana, fagia na pulizia nyumba ikiwa bado tupu, wakati ambapo hakuna kochi la kusogeza wala mtoto wa kumhamisha.